Twyfelfontein: chemchemi iliyotiliwa shaka

Hebu jaribu kulitamka neno hili: Twyfelfontein. Ni Kiafrikaans, lugha ya Makaburu, na maana yake ni chemchemi ya mashaka. Mahali penyewe ni bonde la miamba myekundu kaskazini-magharibi mwa Namibia, na kwenye miamba hiyo kuna michoro ya kuchonga zaidi ya 2,000. UNESCO waliiingiza katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2007, ikiwa sehemu ya kwanza ya Namibia kupata heshima hiyo. Mimi nilifika huko Aprili 2025, na nilipofika nilikuta majani yananifikia magotini. Jangwani!

Najua mtu wa Dar akisikia Jangwani na maji haoni cha ajabu. Jangwani yetu hujaa maji kila masika mpaka mabasi yanasimama. Lakini hii ya wenzetu ni jangwa kweli kweli. Kwa kawaida eneo lile halifikishi milimita 150 za mvua kwa mwaka mzima, wakati Dar es Salaam tunapata zaidi ya milimita 1,000. Na mwaka uliotangulia ulikuwa mbaya. Mei 2024 serikali ya Namibia ilitangaza hali ya dharura kwa sababu ya ukame, na Agosti ikatangaza mpango wa kuua wanyamapori 723, wakiwemo tembo 83, ili nyama igawiwe kwa wenye njaa. Halafu mwanzoni mwa 2025 mbingu zikafunguka. Mito ambayo watoto huchezea mpira wa miguu ndani yake ikaanza kupitisha maji.

Nilikuwa Windhoek kwa kazi nyingine kabisa (hiyo tuachane nayo kwa leo), na rafiki yangu anayesoma huko akasema kama unataka kuiona nchi hii ikiwa imevaa nguo, twende sasa, maana baada ya wiki chache itavua. Tukakodi gari la kupanda milima, tukalala Khorixas, mji mdogo ulio kilomita kama 100 kabla ya Twyfelfontein.

Asubuhi, kwenye kituo cha mafuta pale Khorixas, mzee mmoja alimsikia rafiki yangu akinitania kwa Kiswahili. Akageuka, akasema neno moja tu: "Kongwa!" Basi bwana, tulisahau mafuta. Mzee hakuwahi kufika Kongwa yeye mwenyewe, ila kaka yake alifika. Kama hukusimuliwa, chama cha SWAPO kilikuwa na ofisi Dar es Salaam tangu mwanzoni mwa miaka ya 1960, na mwaka 1964 wapiganaji wake wakapewa kambi Kongwa, mkoani Dodoma. Baadhi ya waliopita kambi hiyo ndio waliopigana vita ya kwanza ya ukombozi wa Namibia pale Omugulugwombashe, Agosti 26, 1966. Kongwa naomba uikumbuke, maana nitairudia kwa sababu nyingine isiyohusu bunduki.

Kabla ya Twyfelfontein, barabara inapita kwenye msitu wa mawe. Ni magogo ya miti yaliyogeuka mawe tangu zaidi ya miaka milioni 200 iliyopita, mengine yana urefu wa mita 30. Ukigusa ni jiwe, ukitazama ni gogo lenye gamba na pete zake. Lakini miti hiyo haikuota pale. Hakuna mizizi wala matawi. Mafuriko makubwa ya zama hizo yaliibeba kutoka mbali, yakaitupa, yakaifunika kwa mchanga na tope. Ndiyo kusema, kitu cha kwanza unachoonyeshwa katika jangwa hili ni mzigo ulioletwa na maji.

Na cha pili, kwa siku ile, kilikuwa maji yenyewe. Mto Aba-Huab, ambao kwa muda mwingi wa mwaka ni njia ya mchanga tu, ulikuwa unapita juu ya barabara, rangi ya chai ya maziwa. Tulisimama nyuma ya magari mengine matatu kwa karibu saa nzima, tukamtazama kijana mmoja aliyekunja suruali akivuka kwa miguu kupima kina. Alipofika ng'ambo maji yakiwa chini ya magoti, sote tukamfuata. Hiyo ndiyo idara ya vipimo iliyokuwepo.

Haya, tufike. Kituo cha wageni cha Twyfelfontein kilinifurahisha kabla hata ya michoro. Kuta ni mawe yaliyopangwa, paa limetengenezwa kwa mapipa ya mafuta yaliyotumika, ili siku wakitaka kukiondoa kiondoke bila kuacha kovu. Huruhusiwi kuzunguka peke yako. Sisi tulipewa dada mmoja mwenyeji wa hapo, Mdamara, aliyezungumza kwa sauti ya chini kama mtu aliye msikitini.

Michoro haikuchorwa kwa rangi, ila imegongwa kwa jiwe gumu juu ya mwamba laini wa mchanga, gongo moja baada ya jingine, mpaka ngozi nyekundu ya mwamba ikatoka na rangi iliyofifia ya ndani ikaonekana. Rangi ipo pia, lakini kwenye mapango machache tu. Vifaru, tembo, mbuni, tandala, na twiga wengi, twiga wengi sana. Nyayo za wanyama zimechongwa kwa ustadi kiasi kwamba unaweza kumjua mnyama hata bila mwili wake. Wachongaji walikuwa wawindaji na waokota matunda, mababu wa jamii ambazo leo tunaziita Wasan, na kazi hiyo iliendelea kwa kipindi kisichopungua miaka 2,000. Mawe yalikuwa bado na unyevu wa mvua siku ile, mekundu yaliyokolea, na michongo ilijitokeza wazi.

Anayesimamisha kila mtu ni simba mmoja mwenye mkia mrefu uliokunjwa kama kiwiko. Ukimtazama haraka ni simba tu. Dada akatuambia tuhesabu vidole. Vitano, kila mguu. Nyayo za simba huonyesha vidole vinne, na watu hawa walijua nyayo kuliko mimi ninavyojua herufi. Kwa hiyo hawakusahau. Wataalamu wengi wanaamini huyu ni mganga aliyegeuka simba akiwa katika hali ya ngoma na njozi, bado nusu mtu. Twiga nao wataalamu wengine wanawahusisha na ibada za kuomba mvua. Kuna pia mchongo unaodhaniwa kuwa wa sili, yule mnyama wa baharini, na bahari iko kama kilomita 100 kutoka hapo. Aliyemchonga alikuwa ameiona bahari, akarudi hapa.

Sasa tuje kwenye jina. Watu wa hapo waliliita na bado wanaliita bonde hilo |Ui-||aes, jina lenye mibofyo miwili ya ulimi ambayo dada alinifundisha mara nne na mara zote nne alicheka. Tafsiri iliyoenea ni mahali palipo kati ya mawe yaliyosongamana. Jina la Twyfelfontein ni la juzi juzi tu. Mwaka 1947 mkulima mzungu, David Levin, alikuja kutafuta malisho. Alikuta chemchemi ndogo, akahangaika nayo sana, na hakuwa na hakika kama ingetosha familia yake na mifugo. Alisema mashaka yake mara nyingi hadi rafiki yake akamtania kwa kumbandika jina hilo, na shamba likalibeba, kisha ramani, kisha dunia nzima. Magofu ya nyumba yake bado yapo, unayapita ukienda kwenye michoro.

Simlaumu Levin kwa kuwa na wasiwasi. Mtu mwenye watoto na ng'ombe katika nchi kama ile asipokuwa na wasiwasi atakuwa na kasoro. Kinachonikera ni kwamba mashaka ya mtu mmoja aliyekaa pale kwa miaka isiyofika 20 ndiyo yakawa jina rasmi la chemchemi ambayo watu wengine waliitegemea kwa miaka elfu mbili. Tena ukisoma mambo ya mwaka huo huo wa 1947 unaanza kuona mtindo.

Chukua mfano wa mchoro maarufu kuliko yote nchini Namibia. Uko kwenye mlima Brandberg, kusini mwa Twyfelfontein. Mpima ardhi Mjerumani aitwaye Reinhard Maack aliukuta mwaka 1918, na ndiye huyo huyo aliyetoa taarifa ya michongo ya Twyfelfontein mwaka 1921. Ni umbo la mtu, urefu kama sentimita 40, anatembea ameshika upinde, sehemu ya mwili imepakwa nyeupe. Mwaka 1947 akaja kuuona padri Mfaransa, Henri Breuil, ambaye wakati huo hakuna aliyempita kwa sifa katika masuala ya michoro ya mapangoni. Akatazama, akatangaza kwamba huyu ni mwanamke, tena mzungu, mwenye asili ya Mediterania, pengine Krete. White Lady, Bibi Mweupe. Watu wazima wenye shahada walikubali kwamba bibi wa Kigiriki alifika katikati ya Namib na upinde wake, kuliko kukubali kwamba Mwafrika alijua kuchora. Leo watafiti wanaona ni mwanamume, mwindaji au mganga, na weupe ule ni rangi ya kujipaka, kama ambavyo watu hujipaka katika ibada sehemu nyingi za bara hili. Jina Bibi Mweupe bado liko kwenye vibao.

Na mwaka huo huo wa 1947, Kongwa. Unaona sasa? Serikali ya Uingereza, baada ya vita kuu ya pili, ilikuwa na njaa ya mafuta ya kula. Ikaamua kulima karanga Tanganyika kwa mamilioni ya ekari, na ikaanzia Kongwa, katika nchi ya Wagogo. Wagogo ni watu ambao historia yao inahesabiwa kwa majina ya njaa na ukame. Hakuna aliyehitaji shahada kujua kwamba mvua ya pale hairuki na ahadi ya mtu. Yakaletwa matrekta, yakavunjikia kwenye mizizi. Udongo wa mfinyanzi ukakauka ukawa kama saruji, karanga zikakataa kung'oka. Januari 1951 mradi ukafutwa baada ya kumeza zaidi ya pauni milioni 30. Majengo yaliyobaki eneo hilo la Kongwa ndiyo baadaye yakawapokea wapigania uhuru, akiwemo kaka wa mzee wa Khorixas.

Khorixas na Kongwa, kilomita zaidi ya elfu mbili kati yake, na kosa lile lile kwa sura mbili. Levin aliyatilia shaka maji yaliyokuwepo. Waingereza wa karanga waliamini mvua isiyokuwepo. Wote hawakuuliza wenyeji.

Ila nadhani kuna jambo zito zaidi ya kutouliza. Ili ardhi ionekane haina mwenyewe, mara nyingi mtu hutangulia kuwaondoa wenyewe, na katika nchi kavu silaha ya kuwaondoa ni maji. Oktoba 2, 1904, Jenerali Lothar von Trotha alitoa amri ya kuwaangamiza Waherero. Waliokimbia walisukumwa kwenye jangwa la Omaheke, upande wa mashariki, na askari wakawekwa kwenye visima. Makumi ya maelfu ya Waherero na Wanama walikufa kati ya 1904 na 1908, na kiu iliua wengi pamoja na risasi. Huyu von Trotha hakuwa mgeni kwetu. Miaka ya 1890 alikuwa kamanda wa majeshi ya Kijerumani hapa Afrika Mashariki. Na Julai 1905, wakati Omaheke bado ina mifupa mibichi, kusini mwa Tanganyika watu walinyanyuka wakiwa na maji waliyoamini yatageuza risasi za Wajerumani. Namibia Wajerumani waliyafungia maji wakaua. Kwetu walichoma mashamba na maghala ya chakula, njaa ikamaliza kazi. Ujerumani iliyakubali mauaji ya Namibia kuwa ya kimbari Mei 2021, na Novemba 2023 Rais Frank-Walter Steinmeier aliomba msamaha Songea. Mjadala wa fidia tuuache, unahitaji makala yake.

Wakaburu waliotawala baada ya Wajerumani hawakubadili wimbo. Mwaka 1964 tume iliyoitwa ya Odendaal ilipendekeza kila kabila lipewe eneo lake, kama Afrika Kusini. Wadamara wakapewa Damaraland. Mashamba ya wazungu ndani ya eneo hilo, likiwemo la Levin, yalinunuliwa na serikali, na wazungu wakahama. Kwa maneno mengine, ardhi iliyokuwa imeonekana haifai kwa ng'ombe wa mzungu ilirudishwa kwa Mdamara kama zawadi. Namibia ilipata uhuru Machi 21, 1990, na kiserikali jina la Damaraland likafutwa, lakini kampuni za utalii zinalipenda kwelikweli.

Mchana tulipita pia kwenye Filimbi za Mawe, ambazo wao wanaziita Organ Pipes, korongo dogo lenye nguzo za mwamba wa volkeno zilizosimama bega kwa bega kama mabomba ya kinanda cha kanisani. Uji wa moto wa chini ya ardhi ulipoa ukapasuka kwa mistari iliyonyooka, miaka zaidi ya milioni 120 iliyopita. Chini ya nguzo kulikuwa na kidimbwi cha mvua na viluwiluwi vikihangaika kukua kabla jua halijawahi. Hatua chache kutoka hapo kuna Mlima Ulioungua, weusi mtupu, ambao picha haziutendei haki hivyo sitaendelea.

Lakini kitu kimoja kuhusu mawe hayo. Miamba ya moto iliyofunika eneo hili ina pacha wake Brazili, kwenye bonde la Paraná, kwa sababu Afrika na Amerika Kusini zilikuwa bara moja lililokuwa linapasuka. Na yule mpima ardhi Maack, mwaka 1923 alihamia Brazili, akafanya kazi kwa miaka mingi huko Paraná, na akawa miongoni mwa waliotetea hoja kwamba mabara yamehama. Alikuwa ameona mawe yale yale pande zote mbili.

Nimeiacha chemchemi yenyewe mpaka sasa makusudi. Tulimwomba dada atuonyeshe, akashangaa kidogo, akasema wageni wengi wanataka simba. Ni kidogo. Mvua huingia kwenye mwamba wa mchanga kama sifongo, inashuka polepole, inakutana na tabaka lisilopitisha maji, halafu inatokea pembeni ya mteremko. Basi. Hakuna bubujiko, ni unyevu na majani mabichi na sauti ndogo.

Nikamwambia kwamba kwa mvua hii pangependeza zaidi zamani, watu wote wamekusanyika hapa. Akatikisa kichwa. Mvua ikinyesha vizuri, alisema, watu hawakuwa na haja ya kukaa hapa. Maji yalikuwa kila mahali, kwenye mashimo ya miamba, kwenye mito, na wanyama wametawanyika, kwa hiyo na watu walitawanyika kuwafuata. Ni miezi ya ukavu ndiyo iliyowarudisha. Vidimbwi vikikauka kimoja kimoja, makundi yaliyokuwa mbalimbali yalikutana kwenye maji machache yasiyokauka, na hapo ndipo kulikuwa na watu wa kutosha kwa ngoma, ndoa, kesi na uganga. Baadaye nilikuta wanaakiolojia waliofanya kazi katika milima ya huko wanaeleza maisha hayo kwa namna hiyo hiyo. Kwa hiyo simba wa vidole vitano huenda alichongwa katika msimu ambao bonde zima lilikuwa limekauka isipokuwa hapa. Chemchemi ya mashaka ndiyo iliyokuwa ya uhakika kuliko zote, ila kwa watu waliokuja kwa zamu, si kwa ng'ombe waliokaa mwaka mzima.

Akaniuliza kama sisi tuna michoro. Nikamweleza Kondoa, ambayo UNESCO waliiorodhesha mwaka 2006, mwaka mmoja kabla ya kwao, na nikamweleza Mungomi wa Kolo, pango lenye michoro ambalo watu wa Kondoa hadi leo hulitumia kwa matambiko ya kuomba mvua na uponyaji. Lipo mahali ambapo unashuka tu kwenye basi la Dodoma kwenda Babati, unaulizia ofisi ya mambo ya kale pale Kolo. Dada alisikiliza kwa makini, akiwa amechuchumaa, mkono wake mmoja ndani ya yale maji.

"Na mvua inakuja?" akauliza.

Nikamwambia miaka mingine.

"Kama hapa," akasema, akasimama, akajifuta mkono kwenye sketi, kwa sababu kundi jingine la wageni lilikuwa limeshafika kwenye kituo na lilikuwa linamsubiri.